Kibao kinasema "kimataifa", mzigo unaondokea kwingine

Julai 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua kiwanja cha ndege cha Isiolo, kaskazini mwa Mlima Kenya, kikiwa na hadhi ya kimataifa. Miongoni mwa waliokisubiri kwa hamu walikuwa wafanyabiashara wa mirungi wa Meru. Mirungi, ambayo Wakenya huiita miraa, ni mali isiyo na subira. Ikipita siku mbili tangu ikatwe, imekwisha kazi, na soko lake kubwa la nje ni Somalia. Hesabu ilionekana nyepesi: badala ya pikapu kukimbizwa zaidi ya kilometa 200 hadi Nairobi, mzigo ungepelekwa Isiolo, jirani kabisa na mashamba, ukapakiwa ndege na kufika Mogadishu ukiwa bado mbichi.

Mambo hayakwenda hivyo. Pikapu ziliendelea kuteremka Nairobi, na ndege za mirungi ziliendelea kuruka kutoka Wilson na Jomo Kenyatta. Isiolo ikabaki na safari chache za abiria.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ni ufupi wa njia ya kurukia ndege, ambayo ni kilometa 1.4. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kiwanja cha Wilson, ambako sehemu kubwa ya mirungi imekuwa ikiondokea, kina njia za kiasi cha kilometa 1.5 tu, na kiko juu zaidi kutoka usawa wa bahari kuliko Isiolo. Mwenye futi kamba mkononi hawezi kueleza kwa nini kimoja kina foleni ya ndege na kingine kimetulia.

Tofauti iko kwenye kazi ambayo kila kiwanja kimeizoea. Tangu miaka ya 1930 Wilson ni mahali pa ndege ndogo: pana karakana, mafundi, marubani, vipuri, mawakala wa forodha na kampuni za kukodisha ndege. Ndege iliyopeleka mirungi asubuhi inaweza kesho yake kubeba dawa za mashirika ya misaada kwenda Sudan Kusini, au watalii kwenda Maasai Mara. Mwenye ndege anagawa gharama zake kwa wateja wengi, na mwenye mirungi analipa sehemu yake tu. Isiolo, ndege ingebidi ije tupu kutoka Nairobi kuchukua mzigo huo mmoja, na gharama ya safari hiyo ingeangukia gunia la mirungi.

Hapo ndipo penye suala linalowahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki. Serikali za kanda hii zimekuwa zikiainisha viwanja vya ndege kwa majina: cha kimataifa, cha mkoa, cha wilaya. Soko lina orodha yake, nayo ni ya kazi: kinachokusanya mizigo, kinacholisha kikubwa, kinachopokea tu, kinachopeleka tu. Orodha hizo mbili zisipolingana, kuna mtu analipa tofauti. Mara nyingi ni mwenye mzigo.

Vipimo vinavyotumika

Kisheria, neno "kimataifa" lina maana ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulioanzisha shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, unataka ndege inayoingia nchini itue kwenye kiwanja chenye forodha kilichoteuliwa na nchi husika. Kwa hiyo kiwanja cha kimataifa ni kile chenye maofisa wa forodha, uhamiaji, afya na ukaguzi wa mimea na mifugo. Mkataba hausemi kitakuwa na mzigo.

Halafu kuna kipimo cha wahandisi. ICAO hukipa kila kiwanja namba na herufi. Namba, kuanzia 1 hadi 4, inatokana na urefu wa njia unaohitajiwa na ndege: 4 ni kwa ndege zinazohitaji meta 1,800 na zaidi katika hali ya kawaida. Herufi, A hadi F, inatokana na upana wa mabawa. Cessna Caravan inayotua mbugani ni B. Boeing 737 ni C. Ilyushin 76, dege la mizigo la Kirusi, ni D. Boeing 787 ni E, na Airbus A380 ni F. Zimamoto nao wana daraja lao, 1 hadi 10, kulingana na urefu na unene wa ndege inayotua. Mfanyabiashara anayeambiwa kwamba kiwanja fulani "kitapokea ndege kubwa" anaweza kuuliza vitu vitatu tu: namba, herufi na daraja la zimamoto. Akijibiwa kwa hotuba, ajue majibu hayapo.

Urefu nao una siri yake. "Hali ya kawaida" ya wahandisi ni usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na Eldoret inapita meta 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hupungua nguvu na mabawa hushika kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana Jomo Kenyatta ina njia ya kiasi cha kilometa 4.1. Njia ikiwa fupi, rubani hupunguza uzito, na abiria si wa kwanza kupunguzwa. Hushushwa makasha.

Eldoret na Mwanza

Kiwanja cha Eldoret kilifunguliwa 1997 wakati wa Rais Moi, kikiwa na njia ya kilometa 3.5. Wakosoaji walisema ni anasa iliyopelekwa nyumbani kwa mkuu wa nchi. Wafanyabiashara walikiona kwa jicho jingine. Ndege za mizigo zilianza kutua zikitokea Dubai, zikiwa na vitambaa, redio, vipuri na bidhaa nyingine za madukani, nyingi zikiishia katika maduka ya Nairobi. Tatizo lilikuwa safari ya kurudi. Maua ya Naivasha na mboga za Mlima Kenya vilikuwa tayari na njia yake, nayo ni Jomo Kenyatta. Ndege zikawa zinashusha Eldoret na kuondoka tupu, au kwenda kutafuta mzigo wa kurudi kiwanja kingine.

Upande wa pili wa Ziwa Victoria, katika miaka hiyohiyo, Mwanza ilikuwa na tatizo hilo likiwa limegeuzwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinauza Ulaya, na Ilyushin za mizigo zilitua kuichukua. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, ilizifanya ndege hizo zijulikane duniani, na kuzua ubishi mkubwa Tanzania. Kibiashara, jambo la kukumbuka ni kwamba Mwanza haikuwa na jina kubwa wala jengo la fahari, lakini ilifanya kazi ya kiwanja cha kimataifa cha mizigo kwa sababu mali ilikuwepo. Ndege zilikuja nyingi zikiwa karibu tupu na kurudi zimejaa.

Gharama ya safari tupu haipotei hewani. Chukua mfano wa ndege ya tani 40 iliyokodiwa kwenda na kurudi kwa dola 120,000. Ikijaa pande zote mbili inabeba kilo 80,000, na kila kilo inasafiri kwa dola 1.50. Ikijaa upande mmoja na kurudi tupu, kilo ni dola 3. Ikipata tani 10 tu za kurudi, kilo inashuka hadi dola 2.40. Muuza redio wa Eldoret alikuwa analipia ndege iondoke tupu, na mwenye kiwanda wa Mwanza analipia ije tupu.

Kwenye ramani, Eldoret na Mwanza zinaachana kwa kilometa 400 na kitu kwa njia ya anga, safari isiyofika saa moja kwa ndege ya mizigo. Anayeipanga kanda kama soko moja angeviandika viwanja hivyo viwili kama kazi moja: kimoja cha kushusha, kingine cha kupakia. Lakini mipaka ilikuwa kati yao, kila nchi ina mamlaka yake ya viwanja, na haki za kutua hujadiliwa nchi kwa nchi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999 na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika Julai 2010, ila anga haijafunguka kwa kasi ya barabara. Lori la mahindi huvuka Namanga kwa karatasi chache kuliko ndege ya minofu.

Mwanza yenyewe ilionja hatari ya kutegemea bidhaa moja. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na kazi ya kiwanja ikasimama pamoja na viwanda. Baadaye sehemu ya minofu ilianza kupita barabarani kwenda kupandia ndege nchi jirani.

Mirungi ina historia ya namna hiyohiyo. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na mzigo uliokuwa ukienda London ukafa. Somalia ilifunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Kiwanja ambacho kingejengwa kwa ajili ya mirungi peke yake kingekaa zaidi ya miaka miwili bila mteja. Wilson haikufungwa.

Kwa nini malori ya Arusha huenda Nairobi

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kaskazini mwa Tanzania. Kiwanja cha Kilimanjaro kilifunguliwa 1971, kina njia ya kilometa 3.6 na kiko kati ya Arusha na Moshi, katikati ya mashamba ya maua na mboga. Kwa kipimo cha wahandisi hakina upungufu. Hata hivyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha imekuwa ikipakiwa kwenye malori ya baridi, ikivuka Namanga na kupandia ndege Jomo Kenyatta, kiasi cha kilometa 270 kutoka shambani. Kodi, ajira na ada za kushughulikia mzigo huo hubaki Kenya.

Watanzania wengi huliona hilo kama uzembe wa viongozi wao. Uzembe unaweza kuwepo, lakini sababu kubwa ni ya kihesabu. Kabla ya ugonjwa wa korona, karibu nusu ya mizigo ya anga duniani ilikuwa inasafiri katika tumbo la ndege za abiria. Kiwanja chenye ndege nyingi za abiria za masafa marefu kina nafasi nyingi za mizigo kila usiku, na mkulima akikosa ndege ya saa nne anapata ya saa sita. Kilimanjaro imehudumiwa na KLM kwa miongo, lakini tumbo la ndege moja haliwezi kubeba msimu mzima wa maharage machanga. Nairobi ina pia ndege za mizigo tupu, vyumba vya baridi na mawakala wanaogombea mteja. Mzigo unafuata ndege, na ndege zinafuata mzigo. Mduara huo ukishaanza, ni kazi kuuhamisha.

Maua yana adha nyingine, maana ni mepesi lakini yanachukua nafasi. Mashirika ya ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kutegemea upi ni mkubwa, kwa kanuni ya sentimeta za ujazo 6,000 kuwa kilo moja. Kasha la sentimeta 100 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 20 hata kama lina kilo 12 za waridi. Pale penye nafasi nyingi za ndege, wakala hulichanganya na mzigo mzito wa mwingine, wakagawana faida. Kiwanja chenye ndege moja hakina wa kuchanganya naye.

Machi 2020 ndege za abiria zilipositishwa, matumbo hayo yakatoweka kwa mkupuo na bei za kusafirisha kilo zikapanda. Tangu hapo wauzaji wa Kenya wamezidi kujaribu makontena ya baridi kwa meli kupitia Mombasa. Kwa hiyo mshindani wa Jomo Kenyatta anaweza asiwe Kilimanjaro wala Entebbe, akawa ni bandari.

Wanaopanga kwa kuhesabu

Marekani wana utaratibu mkavu, usio na heshima kwa majina. Idara yao ya usafiri wa anga, FAA, huhesabu abiria wanaopanda ndege kila mwaka. Kiwanja chenye asilimia 1 au zaidi ya abiria wote wa nchi ni kitovu kikubwa. Kuanzia asilimia 0.25 ni cha kati, kuanzia 0.05 ni kidogo. Chini ya hapo, lakini zaidi ya abiria 10,000, si kitovu, ila bado kiko kwenye daraja linalopata fungu la uhakika la fedha za serikali kuu. Mwaka unapokaribia kwisha, kuna miji midogo inayohimiza wakazi wake wapande ndege ili idadi hiyo itimie. Kichekesho, lakini angalau wanachekesha juu ya namba iliyo wazi kwa kila mtu.

Mwaka 2012 FAA iligeukia viwanja vidogo visivyo na mashirika makubwa, takriban 2,950, na kuvipanga kwa kazi: vya taifa, vya kanda, vya mtaa na vya msingi. Viwanja 497 havikuingia daraja lolote, kwa sababu kazi yake haikuonekana. Havikufungwa, lakini kila mwenye fedha alijua vimesimama wapi.

Afrika Mashariki, daraja hutangazwa kwanza na kazi hutafutwa baadaye. Kisumu ilirefushiwa njia na kupewa jina la kimataifa mwaka 2012, na minofu ya ziwani ilitajwa sana kama sababu. Kilichokuja kwa wingi ni abiria wa Nairobi. Kwa vipimo vya kazi, Kisumu ni kiwanja cha kulisha Nairobi, tena kinachofanya kazi hiyo vizuri. Mwenye hoteli mjini hana cha kulalamika. Aliyejenga ghala la baridi ndiye mwenye maswali.

Wakati mwingine kazi hutolewa kwa amri. Kwa miaka kadhaa Kenya ilizitaka ndege zinazotoka Somalia zisimame kwanza Wajir kukaguliwa, na mwaka 2019 agizo hilo likarudishwa. Wajir ikawa kituo cha lazima bila soko lolote kuiomba, na gharama ya mafuta na muda ikaingia kwenye bei za Eastleigh.

Mahali pa mfuko wa mwekezaji

Mwekezaji mdogo hawezi kununua hisa za kiwanja katika kanda hii. Viwanja viko mikononi mwa mashirika ya umma, kama KAA ya Kenya iliyoundwa 1991 na TAA ya Tanzania ya 1999. Mpango wa kukabidhi Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30 ulifutwa na Rais Ruto Novemba 2024, baada ya maandamano na mgomo wa wafanyakazi. Jambo moja halikusemwa sana katika kelele zile: mapato ya Jomo Kenyatta ndiyo yanayobeba viwanja vingi vya KAA visivyojilipia. Kikiondolewa kwenye kapu, hesabu ya Isiolo, Wajir na wenzao ingebidi iandikwe upya, kwa ruzuku ya wazi au kwa kufuli.

Mwekezaji anachoweza kugusa ni kampuni zinazoishi kwa viwanja. Swissport Tanzania, iliyoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2003 ikiitwa DAHACO, mapato yake hutokana na ndege inazohudumia na kilo za mizigo zinazopita. Kwake jengo la tatu la abiria la Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, ni habari njema endapo tu ndege zitaongezeka. Marumaru hazilipi gawio. Precision Air iliingia soko hilohilo Desemba 2011, na biashara yake imefungwa kwenye viwanja vya mikoani vinavyolisha Dar es Salaam. Kenya Airways, iliyoorodheshwa Nairobi 1996, hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025. Wenye subira ya miaka minne na nusu walikuwa wamejifunza kwamba kuwa na kitovu bora cha kanda hakumfanyi mwenye ndege apate faida.

Kuna uwekezaji mwingine usioandikwa kwenye soko la hisa, nao ni ploti za jirani na kiwanja kilichotangazwa. Madalali huuza kwa neno "kimataifa". Mnunuzi makini anaweza kufanya mambo yasiyohitaji mtaalamu: aulize namba na herufi ya ICAO, aende kiwanjani saa za usiku, maana ndege za mizigo huondoka usiku, ahesabu malori yanayoingia yakiwa yamejaa na yanayotoka yakiwa yamejaa, aulize kama kuna wakala wa forodha mwenye ofisi ya kudumu, au anakuja kwa simu. Aulize pia bidhaa inayotegemewa ina wanunuzi wa nchi ngapi. Mawakala wa mizigo wa Nairobi na Dar es Salaam hutoa bei ya kilo kwa anayeuliza, bila malipo, na bei hiyo ikiwa juu kuliko ya kiwanja cha jirani pamoja na nauli ya lori, mzigo utapanda lori.